Sindano Mbali na Jokofu: Somo la Dagahaley kwa Watu wa Mapendo

Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya mlima Nyiragongo kutapika moto, gavana wa kijeshi wa Kivu ya Kaskazini aliamuru mitaa kumi ya Goma ihamwe, na Mapendo ulikuwa mmojawapo. Umati ukashika njia za Sake, Rutshuru na Gisenyi, na miongoni mwao, hapana shaka, walikuwamo wagonjwa ambao siha yao hutegemea sindano iliyoagizwa ikae baina ya nyuzi 2 na 8 za joto. Agizo hilo la baridi mtu aliye safarini, au hata aliye nyumbani umeme ukikatika, atalitimizaje? Jibu lenye ilimu ndani yake lilipatikana Dagahaley, kambi ya wakimbizi huko Dadaab, kaskazini-mashariki ya Kenya.

Huko wagonjwa wa sukari, kwa kukosa jokofu, walilazimika kwenda hospitali kila siku, tena wengine zaidi ya mara moja, kudungwa insulini. Madaktari Wasio na Mipaka hawakuanza kwa kutafuta majokofu, bali kwa kupima: waliweka vipima-joto ndani ya makazi yenyewe, wakaona kwamba joto hushuka hadi nyuzi 25 usiku na kupanda hadi 37 mchana. Kisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Geneva wakaliiga joto hilohilo maabarani, pamoja na kupanda na kushuka kwake, kwa majuma manne mfululizo. Na matokeo, yaliyotangazwa mwaka 2021, yalidhihirisha kwamba nguvu ya insulini haikupungua kwa zaidi ya asilimia 1, ilhali kanuni za madawa huvumilia hata 5.

Kinachonivutia zaidi ni mpango wa kazi yenyewe, kwani aghalabu dawa hujaribiwa katika joto moja lisilobadilika, hali ambayo hakuna nyumba ya mwanadamu inayoijua.

Lakini ni hatari kubwa kudhani kwamba yaliyothibiti kwa insulini yamethibiti kwa kila sindano. Chukua glatirameri, dawa ya sklerosisi, maradhi ambayo kinga ya mwili hugeuka na kuutafuna utando wa mishipa ya fahamu katika ubongo na uti wa mgongo. Dawa hiyo Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2023. Waraka wake wa Ulaya huruhusu ikae nje ya jokofu baina ya nyuzi 15 na 25, kwa muda usiozidi mwezi, tena mara moja tu, nao wa Marekani hufika nyuzi 30. Goma, iliyo juu ya bahari kwa mita zipatazo 1,500, ina hewa ya wastani, hata chumba chenye kivuli cha Mapendo chaweza kukaribia mipaka hiyo. Ila chumba chini ya bati saa nane mchana ni jambo jingine, na madhali hakuna aliyekipima, mwenye dawa na akipime mwenyewe kwa kipima-joto, asihukumu kwa kiganja cha mkono.

Adui aliye mbaya kuliko joto ni barafu. Sindano ikigandishwa, kwa kusukumwa hadi ukuta wa nyuma wa jokofu au kwa kulazwa juu ya vipande vya barafu pasipo kitambaa, imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana safi kama maji; haitumiki tena. Mwanga nao huidhuru, ndiyo maana haitolewi katika kisanduku chake kabla ya wakati.

Kuhusu kudunga glatirameri, itolewe katika baridi dakika 20 kabla, na mahali pa mwili pabadilishwe kila mara, ili ngozi isibonyee. Baadhi ya watu hupatwa na wekundu, kubanwa kifua na moyo kwenda mbio mara baada ya sindano, na aghalabu hali hiyo hupita yenyewe upesi. Ila Januari 2025 wakuu wa dawa wa Marekani waliongeza onyo kali kwamba mzio wa kuhatarisha maisha waweza kutokea, hata kwa aliyeitumia dawa hii kwa miaka. Kwa hiyo mwenye kuvimba uso au koo, au kuhema kwa shida, au kuona dalili zile za kwanza zinazidi badala ya kutulia, asingoje nyumbani, bali apelekwe kwa tabibu saa hiyohiyo.