Sagamoyo: Mandhari Yanayotawala Tamthilia

Watahiniwa wengi wanapoulizwa kuhusu mandhari ya *Kigogo*, tamthilia ya Pauline Kea, hujibu kwa sentensi moja: "Ni jimbo la kubuni la Sagamoyo." Jibu hilo si kosa, ila halijatoka mlangoni. Mandhari si jina la mahali tu. Ni mahali pamoja na mambo yanayotendeka hapo na wanaoyatenda.

Tuanze na jina lenyewe. Sagamoyo ni "saga" na "moyo": mahali panaposaga mioyo ya watu. Mwandishi hatupi ramani wala idadi ya wakazi, lakini anatupitisha katika sehemu chache zinazotosha kutuonyesha uongozi ulivyo.

Ya kwanza ni soko la Chapakazi. Tamthilia inafunguka katika karakana iliyo sokoni humo, Sudi, Boza na Kombe wakichonga vinyago. Jina la soko linasifu bidii, ilhali soko lenyewe limefungwa na wachuuzi kupoteza riziki. Hii ni kinaya. Kisingizio ni uchafu. Nia ya Majoka ni kujenga hoteli ya kifahari.

Ya pili ni ofisi ya Majoka. Ashua, msomi anayechuuza maembe, anaingia humo kuomba msaada na kuishia korokoroni. Ofisi ya umma imegeuka mtego.

Ya tatu ni Mangweni, kwa Mamapima. Soko halali limefungwa, lakini pombe haramu ina kibali. Hapo ndipo penye jibu la swali gumu: kwa nini Wanasagamoyo wanachelewa kuamka? Ngurumo na wenzake wanamcheka Tunu anayewapigania. Ulevi basi si maudhui ya kutajwa tu kando ya ufisadi. Ni chombo cha utawala.

Mtahiniwa azingatie pia mzunguko wa mandhari. Tamthilia inaanzia sokoni na mapambano yanafikia kilele mbele ya lango la soko lilo hilo. Majoka anatarajia umati katika sherehe zake za uhuru. Umati unamwendea Tunu. Kwa maoni yangu, mwandishi anadokeza kuwa moyo wa Sagamoyo haukuwa ofisini hata siku moja. Ulikuwa sokoni, na aliyefunga soko alijifungia mwenyewe nje.

Mwalimu anaweza kulilinganisha jimbo hili na Cheneo katika *Mstahiki Meya* ya Timothy Arege (2009). Huko vilevile kiongozi anastarehe huku hospitali ikikosa dawa.

Basi swali la mandhari likija, usitaje mahali ukaenda zako. Eleza nani anaruhusiwa kuingia hapo, nani anafukuzwa na nani ananufaika. Ukifanya hivyo utapata alama, na huenda ukaanza kuutazama mji wako kwa jicho jingine.