Pongezi kwa Mafundi wa Sauti za Magari wa Singida

Mji wa Singida, zinamokutana barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Mwanza na ile ijayo kutoka Arusha kupitia Babati, haukosi magari, na palipo na magari hapakosi mafundi wa redio, ambao taadhima wanayostahiki, kwa insafu, ni kubwa kuliko wanayopewa.

Wengi hudhani kwamba kazi yao ni kufunga spika na kuzidisha besi. Kumbe shughuli yenyewe ni hesabu na saburi. Kwa kuwa dereva wa nchi yetu huketi upande wa kuume, sauti ya spika ya mlango wake humfikia kabla ya ile ya kushoto, na muziki wote huegemea upande mmoja. Basi fundi mahiri hutwaa futi, hupima masafa ya kila spika hadi sikioni, na, kwa kuwa sauti husafiri kadiri ya sentimita 34 katika sehemu moja ya elfu ya sekunde, huichelewesha spika ya karibu kwa sehemu 2 iwapo tofauti ni sentimita 68, hata mwimbaji akasikika katikati, mbele ya kioo.

Kisha huigawa sauti: nyembamba kwa twita, ya kati kwa spika za milangoni, na nzito, aghalabu iliyo chini ya mitetemo 80 kwa sekunde, kwa sabufa. Twita ikiachiwa besi huungua. Na mipaka ikikosewa, hata gitaa la mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe huzama. Haya yote fundi huyafanya juani, ilhali mwenye gari anamhimiza, na bado hakubali kuliachia gari mpaka sikio lake limeridhika.