Nikeli Chini ya Kromu: Kuichagua Rimu Tunduma

Alfajiri ya Juni, Tunduma huwa na baridi inayomfaa mnunuzi wa rimu. Kabla jua halijapanda, weka kiganja juu ya ile anayokuonyesha muuzaji. Chuma na aluminiamu huunyonya mkono joto papo hapo. Kifuniko cha plastiki kilichovikwa mng'ao hakina ubaridi huo, na ukikigonga kwa kucha kinalia kama ndoo. Malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde nayo yasikuchanganye. Rimu zake zinazometameta mara nyingi ni aluminiamu iliyosuguliwa tu, bila kuvikwa chochote, na weupe wake ni ule wa sufuria mpya. Kromu ina ubuluu kwa mbali. Jicho likishazoea tofauti hiyo, halisahau.

Kromu yenyewe ni utando mwembamba mno. Kwenye rimu kwa kawaida haufiki hata mikroni 1, yaani milimita moja iliyogawanywa mara elfu. Ungebandika tabaka kama 200 ndipo ukaribie unene wa unywele. Tena utando huo una vinyufa visivyoonekana, na maji hupenya. Kinachobeba mng'ao na kuzuia kutu ni nikeli iliyo chini yake, ambayo kwenye kazi nzuri hufika mikroni 20, 30 na zaidi. Kromu huikinga nikeli isififie wala kukwaruzika. Rimu ikiwa ya aluminiamu, chini ya nikeli hutangulia shaba, madini yaleyale yanayopita Tunduma juu ya malori kutoka Zambia na Kongo kwenda bandari ya Dar es Salaam. Nikeli nayo si mgeni hapa mkoani Songwe: kimondo cha Mbozi, chenye uzito wa tani zipatazo 16, ni chuma kilichochanganyika na takriban asilimia 9 ya nikeli. Kwenye kimondo, chuma na nikeli vimekuja vimeshaungana. Fundi wa rimu hana budi kuviunganisha kwa umeme, birika la dawa baada ya birika, na akiharakisha birika la nikeli, kromu ya juu haitamwokoa.

Birika halirekebishi kasoro. Mkwaruzo uliokuwa kwenye chuma hutokeza juu ukiwa unang'aa, kwa hiyo jasho kubwa la kazi hii humwagika kwenye msasa, kabla umeme haujawashwa. Hapo ndipo ninapomtambua fundi. Chukua rula, isogeze taratibu mbele ya uso wa rimu na ufuate taswira yake. Mstari ukipita umenyooka, alisugua kwa subira. Ukiyumba kama kivuli majini, au uso ukiwa na vijishimo kama ganda la chungwa, alikuwa na haraka.

Halafu chungulia kwenye pembe za ndani, kule vidole havifiki vizuri. Umeme hupenda ncha na kingo, hauingii kwa urahisi mabondeni. Unjano hafifu mle ndani maana yake ni kwamba kromu haikufika na nikeli imebaki uchi. Kingo zikiwa na ukijivu wa majivu, umeme ulizidi na kazi imeungua.

Sasa igeuze. Sina imani na rimu iliyokaguliwa kwa mbele tu. Tazama tundu la valvu, na ukingo ambapo tairi hukaa: utando ukibanduka hapo, upepo utavuja polepole na utalilaumu tairi bure. Tundu za nati ndizo zinazonitia hofu zaidi. Tabaka nene likimeguka pale nati inapokaa, nati hulegea, na hilo ni jambo la uhai wa watu. Rimu ya namna hiyo naiacha hata ikiwa nzuri kama kioo.

Ya mtumba husema yenyewe imetengenezwa kwa nini. Madoa mekundu ni kutu ya chuma. Unga mweupe ni aluminiamu inayolika. Ukijani ni shaba iliyofikiwa na maji. Palipovimba, bonyeza kwa ukucha. Pakibonyea, utando umeshaachana na rimu, na hakuna king'arishi kitakachourudisha.

Ukishainunua, mwoshaji asiipake tindikali, hata akikuapia kwamba inang'arisha haraka. Tindikali ya haidrokloriki huyeyusha kromu. Maji, sabuni laini na kitambaa vinatosha, lakini unga wa breki usiachwe ukagandamana wiki nzima. Na gari likiwa limetoka kushuka Mlima Senjele, breki zikiwa bado za moto, liegeshe kwanza kivulini, rimu zipoe ndipo maji yamwagwe.