"Merchant" ni Nani? Visawe vya Neno Moja na Jina la Mabepari wa Venisi

Kila tunapojadili tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, The Merchant of Venice, hakosekani wa kusema kwamba jina Mabepari wa Venisi ni siasa tupu. Hoja yake huwa nyepesi: kitabu kilitoka 1969, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha, basi Mwalimu alichukua neno la Kiingereza lisilo na hatia akalivika kanzu ya ubepari. Katika makala haya nitajaribu kuonyesha kuwa hoja hiyo ina nusu ya ukweli tu. Nitashughulika na jina la kitabu, siyo tafsiri nzima.

Hebu tuanze na Kiingereza chenyewe. Neno "merchant" lina ndugu wengi: "trader", "dealer", "shopkeeper", "pedlar". Ni ndugu, lakini si mapacha. "Pedlar" hutembeza bidhaa. "Shopkeeper" hukaa dukani. "Dealer" siku hizi hunuka magendo kidogo. "Merchant" wa zama za Shakespeare ni mtu wa mali nyingi na masafa marefu. Ndiyo maana Antonio ana merikebu zinazokwenda Tripoli, Indi, Meksiko na Uingereza. Katika Kiingereza cha kila siku cha sasa neno hili limebaki kwa wauzaji wa jumla, kama wa mvinyo au vifaa vya ujenzi, na kwa meli za biashara. Lakini lina kejeli pia: mtu anayependa kutangaza mabaya yajayo huitwa "merchant" wa maangamizi. Wala kejeli hiyo si ya jana. Katika Romeo and Juliet, Yaya, akiwa amekasirishwa na utani wa Mercutio, anamwita "merchant" kwa maana ya "jamaa huyu mshenzi". Kwa hiyo tusiseme kwamba neno lilikuwa safi hadi lilipofika Dar es Salaam.

Sasa tuje kwetu. Mfasiri alikuwa na maneno gani mkononi? La kwanza ni mfanyabiashara. Ni neno la haki, ila limepanuka mno. Muuza karanga naye ni mfanyabiashara. La pili ni mchuuzi, ambaye ni mdogo mno kwa Antonio. La tatu ni mlanguzi. Huyu ananunua kwa wingi na kuuza kwa bei ya kuumiza, na Watanzania walimsikia sana wakati wa msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983. Lingemhukumu Antonio kabla pazia halijafunguliwa.

Yanabaki mawili, nayo ndiyo matamu. Tajiri limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya mfanyabiashara hasa. Kwetu likahama, likawa mwenye mali, kisha mwajiri: dereva wa daladala akisema anapeleka hesabu kwa tajiri, hazungumzii biashara za ng'ambo. Bepari nalo limetoka Bara Hindi. Katika Kigujarati maana yake ni mfanyabiashara, basi. Hilo pia likahama, likawa mnyonyaji. Ajabu iliyoje! Kiswahili kiliazima "merchant" mara mbili, kutoka pande mbili za bahari moja, na mara zote mbili watumiaji wake wakaligeuza: mara ya kwanza wakatazama mali yake, mara ya pili wakatazama ilikotoka mali hiyo. Kwa upande wa asili, basi, bepari ni kisawe halali cha "merchant". Mwalimu hakubuni kitu. Alichagua neno lenye maana mbili, ya zamani na ya Azimio, akaziacha zigombane.

Kwa maoni yangu, badiliko kubwa liko kwenye umbo la neno. Shakespeare ameandika umoja. Mwalimu ameandika wingi. Kwa Kiingereza anayetajwa ni Antonio, ingawa wengi hudhani ni Shylock. Mkanganyiko huo ni wa zamani: tamthilia ilipoandikishwa London mwaka 1598 ilipewa pia jina la Myahudi wa Venisi. Na Portia, akiingia mahakamani katika mavazi ya mwanasheria, anauliza yupi ni mfanyabiashara na yupi ni Myahudi. Wingi wa Kiswahili unajibu: wote wamo. Je, ni uonevu kwa Antonio, anayekopesha bila riba? Sidhani. Shylock mwenyewe anawakumbusha Wavenisi kwamba wana watumwa waliowanunua na kuwatumikisha kama punda. Hoja ya mabepari wengi, kumbe, imo ndani ya Shakespeare.

Lakini faida hiyo ina gharama, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaomsifu mfasiri bila kipimo. Shylock hatemewi mate kwa sababu ya mtaji wake tu. Anatemewa kwa sababu ni Myahudi. Ukiwaita wote mabepari unatoa ugomvi wa kitabaka, na chuki ya dini na asili inajificha nyuma yake. Na kwetu neno hili lina kovu lake. Limetoka katika lugha ya Wahindi wenye maduka, likageuzwa kuwa lawama, na lawama ya namna hiyo ni rahisi kuwaangukia watu kwa rangi yao. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia Uganda, alidai anarudisha uchumi mikononi mwa wananchi. Lugha ya uchumi ilifunika jambo ambalo halikuwa la uchumi peke yake. Venisi walifanya vivyo hivyo: waliingia mahakamani kwa kesi ya deni, wakatoka wamembadilisha mtu dini.

Kwa kuhitimisha, napendekeza tuache kuuliza kama Mwalimu alipatia au alikosea. Visawe havilingani uzito. Kila kimoja kinaangaza pembe moja na kuiacha nyingine gizani. Bepari linatuonyesha kuwa Antonio hana mikono safi. Halituonyeshi kwa nini Shylock peke yake ndiye aliyelipa. Mhakiki asomaye Mabepari wa Venisi anapaswa kuyaona yote mawili.