Wasifu Usomwao Kaburini

Msomaji, kama umekulia katika vilima vya Kericho au Bomet, bila shaka umekwisha kuusikia wasifu wa mwalimu mzee ukisomwa siku ya maziko yake. Hema hupigwa uani, viti hupangwa hadi ukingoni mwa shamba la chai, na kila mtu hupewa kijitabu chenye picha ya marehemu jaladani. Kisha mjukuu mwenye sauti nzuri husimama akasoma: babu alizaliwa lini, alibatizwa wapi, alifundisha shule zipi, alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingapi, alikaa katika kamati zipi, na amewaacha watoto wangapi. Baada ya dakika 10 kazi imekwisha, na kwaya huanza.

Nataka tuutazame wasifu huu kama tutazamavyo shairi au hadithi darasani, maana nao ni utungo. Kwa watu wengi ndio utungo wa pekee utakaoandikwa juu yao tangu kuzaliwa hadi kufa. Kuuhakiki si utovu wa adabu. Na ili nisimwonee mtu, nitaanza na wasifu mbaya nilioandika mimi mwenyewe.

Miaka michache iliyopita alifariki mwalimu aliyenifundisha kusoma, mzee aliyepita umri wa miaka 85. Kwa kuwa mimi ni mtu wa chuo cha ualimu, na Kiswahili ndilo somo langu, jamaa zake walinikabidhi kazi ya kuandika. Nilikusanya vyeti vyake, nikaandika habari za shule alizofundisha, za ibada ya alfajiri ambayo hakuikosa, za mawe aliyobeba begani ilipojengwa shule ya harambee, na za darasa la watu wazima, ngumbaru, alilolifundisha jioni bila malipo. Nikamalizia kwa sentensi niliyoiona tamu mno: kwamba marehemu alikuwa mtu wa watu, aliyejitolea kwa kanisa na kwa jamii.

Maziko yalipokwisha, bibi mmoja alinijia. Ni mchumaji wa chai wa siku nyingi. Vidole vyake vina ule weusi wa utomvu ambao hautoki kwa sabuni. Akaniuliza, "Mwalimu, mbona barua yangu hukuitaja?"

Nikamwambia, "Gogo, barua gani?" Akanieleza. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mumewe alikuwa kazini Mombasa, na barua zake zilisomwa na mwalimu yule, Jumamosi jioni, nyuma ya kanisa. Hakuwa yeye peke yake. Wachumaji wengi kutoka kambi za mashamba makubwa walipanga foleni pale wakiwa na bahasha mikononi. Siku moja mwalimu alifungua barua yake, akaisoma kimya, akaikunja, akamrudishia. "Mama," alisema, "hii utaisoma mwenyewe. Njoo ngumbaru Jumatatu."

Gogo alikasirika. Alidhani mwalimu amemchoka. Hata hivyo alikwenda, barua akiwa ameifunga katika kitambaa kiunoni, wala hakumpa mtu mwingine amsomee, kwa maana aliona haya. Baada ya miezi 7 aliisoma. Mumewe alikuwa ameoa mke mwingine, naye hakukusudia kurudi.

"Nilimchukia mwalimu kuliko nilivyomchukia mume wangu," aliniambia. "Miezi 7 nilimngoja mtu asiyekuja. Lakini jibu lake niliandika kwa mkono huu."

Sasa linganisha, msomaji, habari hii na sentensi yangu tamu. Sentensi yangu waweza kuiondoa katika kijitabu kile, ukaibandika katika kijitabu cha mzee mwingine yeyote, na hakuna atakayegundua. Habari ya Gogo haibandikiki popote. Ndani yake yumo mtu mmoja tu, mwenye huruma na ukaidi vikiwa vimesukwa pamoja. Je, mwalimu alikuwa na haki ya kuzuia habari ya mwenzake? Hata leo sina hakika. Pengine alimheshimu mama yule kuliko alivyojiheshimu mwenyewe. Pengine alimfanya mateka wa somo. Wasifu hauhitaji kutoa hukumu. Unahitaji tu kuifikisha kesi mbele ya msomaji.

Mazoea haya ya kuandika kwa kufuta hayakuanza kwetu sisi. Willis Hotchkiss, Mmarekani wa madhehebu ya Quaker, alifika Afrika ya Mashariki mwaka 1895, na baadaye akaanzisha misheni ya ufundi katika nchi ya Wakipsigis, ambayo siku zile iliitwa Lumbwa. Mwaka 1937 alitoa kitabu kiitwacho Then and Now in Kenya Colony, yaani zamani na sasa katika Koloni ya Kenya. Jina hilo peke yake ni ramani ya wasifu wetu wote: huku zamani, huku sasa, na katikati mtu avukaye. Lakini katikati hapo palitokea mengine. Katika miaka ya 1920 makampuni ya Kiingereza yalianza kupanda chai Kericho juu ya ardhi iliyotwaliwa kutoka kwa wenyeji, na mwaka 1934 jamaa za ukoo wa Talai walihamishwa kwa nguvu hadi Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria. Mwalimu wangu alizaliwa katika miaka hiyo. Mimi niliandika kwamba alizaliwa "wakati wa ukoloni", nikapita.

Ukitaka kuona kazi iliyofanywa vizuri zaidi, msome Shaaban Robert katika Wasifu wa Siti binti Saad. Huyu ni mwimbaji wa Unguja, si mwalimu wa kanisa, lakini mwandishi alikabiliwa na shida ileile: kumsifu mtu aliyependwa sana bila kumfanya sanamu. Siti alizaliwa Fumba katika nyumba ya umaskini, akapewa jina la Mtumwa, akauza vyungu kabla ya kuimba. Mwandishi mwenye haya angaliyaficha hayo. Shaaban hakuyaficha, na kwa sababu hiyo sauti ya Siti ina mahali pa kutokea.

Au tazama Edward Carey Francis. Aliacha ualimu wa hesabu katika Chuo Kikuu cha Cambridge akaja Maseno mwaka 1928. Tangu 1940 hadi 1962 alikuwa mkuu wa Alliance. Kisha, badala ya kurudi kwao kupumzika, akaenda kufundisha Pumwani, Nairobi, akiwa mwalimu wa kawaida, mpaka alipofariki mwaka 1966. Ucha Mungu wake haukuwa na shaka. L. B. Greaves alichapa kitabu cha maisha yake mwaka 1969, nacho kinafaa kwa kujua safari yake. Lakini mimi humwona mzee huyo waziwazi zaidi katika In the House of the Interpreter, kitabu cha Ngũgĩ wa Thiong'o cha mwaka 2012. Ngũgĩ aliingia Alliance mwaka 1955, wakati wa Hali ya Hatari, ndugu yake akiwa msituni pamoja na Mau Mau; aliporudi likizoni alikuta kijiji chao kimebomolewa. Mkuu wake wa shule aliamini utawala wa Kiingereza na kuwapinga Mau Mau. Hata hivyo shule yake ilikuwa kimbilio la kijana huyo. Ngũgĩ hakubali upande mmoja ufute mwingine, wala hana haraka ya kusamehe. Ndiyo sababu Francis wake anatembea na kupumua.

Huenda ukaniambia kwamba kaburini kuna mjane na watoto wanaolia, na si mahali pa kufunua vidonda. Ni kweli, mimi pia nisingaliisoma habari ya Gogo mbele ya hema lile bila ruhusa yake. Lakini maziko huisha saa 10, na kijitabu hubaki. Katika nyumba nyingi za huku hukaa kabatini kando ya Biblia, na mtoto atakayezaliwa kesho hatakuwa na njia nyingine ya kumjua babu yake.

Kijitabu changu kimo makabatini humo pamoja na sentensi ile. Juma lililofuata nilichukua daftari, nikapanda kwa Gogo. Alinikuta mlangoni akitoka kwenye kituo cha kupimia majani, akatua kikapu, akanipa mursik katika kikombe. Kabla sijafungua daftari aliniuliza kama nitaandika pia kwamba alimchukia. Nikamwambia nitaandika.

"Basi kaa," akasema.