Kuipa Maktaba Makazi

Takwimu za afya za kata ya Mashewa, wilayani Korogwe, huanzia kwenye kalamu. Mhudumu anaandika katika vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, wajawazito waliohudhuria kliniki, watoto waliochanjwa, wagonjwa wa malaria. Hesabu za mwezi hujumlishwa na kuingizwa kwenye DHIS2, mfumo unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na sekta ya afya Tanzania nzima. Chini ya mfumo huo zimo maktaba nyingi za msimbo, kazi ya mikono ya watu wasiofahamiana. Namsifu fundi anayehangaikia maktaba moja tu kati ya hizo: ile iliyokosekana.

DHIS2 imeandikwa kwa Java na hujengwa kwa Maven. Maven husoma orodha ya maktaba zinazohitajika, ikazitafuta kwanza ndani ya kompyuta, kwenye folda ya .m2, kisha kwenye hifadhi za umma, hasa Maven Central. Programu za namna hii ni nyingi, na fundi wake yeyote anaijua siku ambayo maktaba moja haionekani popote na ujenzi wote unasimama. Pengine ni leseni: maktaba ya kuunganisha Java na hifadhidata ya Oracle, ingawa ilitumika duniani kote, haikuwekwa Maven Central na wenyewe hadi 2019. Pengine hifadhi yenyewe imefika mwisho, kama JCenter, ambayo mwaka 2021 ilitangazwa kuwa haitapokea matoleo mapya. Pengine mwandishi kaiondoa kazi yake. Machi 2016, kwenye hifadhi ya npm ya JavaScript, kuondolewa kwa left-pad, yenye mistari 11 tu, kulikwamisha miradi mingi duniani. Na pengine maktaba haijawahi kutoka nje ya ofisi ilimoandikwa.

Hapo ndipo njia ya mkato inapovutia. Faili la jar la maktaba hiyo linaombwa kwa mwenzako, linaletwa kwa flashi, linaingizwa kwenye .m2 kwa amri moja, na programu inajengeka. Inajengeka hapo tu. Mwingine akiuchukua msimbo uleule Dodoma au Tanga mjini, atakutana na kosa lilelile, na dawa yake imo ndani ya kompyuta asiyoijua.

Fundi ninayemsifu hana pupa. Anahakikisha kwanza kwamba faili hilo ndilo lenyewe, kwa kulinganisha alama yake ya SHA-256 na ile iliyotolewa na wenye maktaba. Anasoma leseni ajue kama anaruhusiwa kuisambaza. Anaipa kundi, jina na toleo; akiwa ameibadilisha hata mstari mmoja, toleo linasema hivyo, ili isidhaniwe kuwa ni ile ya asili. Anaandika maktaba nyingine ambazo hiyo nayo inazitegemea. Kisha anaiweka kwenye hifadhi ya taasisi ambayo wenzake wote wanaifikia, na kueleza kwa sentensi mbili ilitoka wapi na kwa nini ipo.

Ni uaminifu uleule wa mtunza dawa wa zahanati, asiyeweka kopo rafuni kabla ya kuandika kwenye leja namba ya toleo, tarehe ya kuisha muda na mahali lilipotoka.

Ukanda wetu unao mfano wa kujivunia. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006. Jumuiya yake huweka maktaba na moduli zake kwenye hifadhi yake ya Maven, na anwani ya hifadhi hiyo imeandikwa ndani ya msimbo wenyewe. Fundi wa Kampala au Kigali hahitaji kumjua mtu ili aanze kazi. Na hifadhi ya taasisi, ikiwa karibu, huokoa bando pia: maktaba ikishapakuliwa mara moja, ofisi nzima huichukua hapo, hata siku ambayo intaneti imekatika.

Kipimo cha kazi hii ni kimoja: kompyuta tupu, isiyo na .m2 ya mtu yeyote, mbele ya mtu ambaye hakuwapo mfumo ulipoandikwa. Achukue msimbo, atoe amri moja, programu ijengeke. Halmashauri, hospitali na wizara zinazopokea mifumo zidai jaribio hilo mbele ya macho yao kabla ya kusaini makabidhiano. Mfumo unaoweza kujengwa na mtu mmoja tu bado ni mali ya mtu huyo, hata kama umelipiwa na wananchi wote.