Senti Moja kwa Ratili: Jinsi Vibarua wa Florida Walivyoupa Ushirikiano Meno

Vikao vya kuwatetea wafanyakazi wahamiaji havijawahi kukosekana. Serikali hutuma maofisa, waajiri huleta mawakili, mashirika husoma ripoti, watu wakaagana, na kibarua akabaki pale pale. Vibarua wa mashamba ya nyanya ya Florida walipata kitu kingine: ushirikiano ambao anayeuvunja hupoteza soko. Inafaa tuuchambue kipande kwa kipande.

Immokalee ni mji mdogo wa kusini-magharibi mwa Florida. Mashamba ya eneo hilo huwalisha Wamarekani nyanya wakati wa baridi, na wachumaji wengi wametoka Mexico, Guatemala na Haiti. Nyanya zikiisha huko, wengi huyafuata mavuno kaskazini. Wengine huja kwa viza ya muda ya H-2A, inayomfunga mtu kwa mwajiri mmoja. Sheria ya mwaka 1935 inayolinda haki ya kuunda vyama vya wafanyakazi Marekani iliwaacha nje vibarua wa mashambani. Hata mwaka 2008, wakubwa wa genge moja la Immokalee walihukumiwa vifungo kwa kuwapiga vibarua, kuwafungia na kuwafanyisha kazi kwa nguvu.

Umoja wa Wafanyakazi wa Immokalee, maarufu kama CIW, ulianza mwaka 1993, na mwanzoni ulitegemea migomo na maandamano dhidi ya wakulima. Kisha wanachama wakajiuliza swali lililogeuza mkondo: bei ya nyanya inapangwa na nani hasa? Mkulima naye alikuwa amebanwa na kampuni za migahawa na maduka makubwa, zinazonunua kwa wingi na kudai bei ya chini. Alichobanwa juu alikifidia chini, kwenye ujira wa mchumaji. Kwa hiyo mwaka 2001 CIW uliwaomba wateja waisusie migahawa ya Taco Bell. Wanafunzi wa vyuo na makanisa waliitikia, na mwaka 2005 kampuni mama ya migahawa hiyo ikatia saini mkataba na CIW. McDonald's ikafuata mwaka 2007, Burger King mwaka 2008. Mwishoni mwa 2010 chama cha wakulima wa nyanya wa Florida nacho kikakubali, na mpango uliotokana na mikataba hiyo, uitwao Fair Food, ukaanza kufanya kazi katika karibu mashamba yote ya nyanya ya jimbo hilo. Walmart ilijiunga mwaka 2014.

Mkataba una nguzo mbili. Ya kwanza ni fedha: mnunuzi huongeza takribani senti moja kwa kila ratili ya nyanya, na nyongeza hiyo humfikia kibarua ndani ya mshahara wake, ikionekana peke yake kwenye hati ya malipo. Kwa miaka iliyopita zimelipwa zaidi ya dola milioni 30 kwa njia hiyo. Ya pili ndiyo yenye meno: shamba likisimamishwa kwa kukiuka kanuni, kampuni zote zilizotia saini huacha kununua kwake mpaka lijirekebishe. Mkulima hahitaji kuhubiriwa. Anajua hasara itakayomfika.

Huduma kwa wafanyakazi zimejengwa juu ya nguzo hizo. Elimu ya haki hutolewa shambani, katika saa za kazi zinazolipwa, na wakufunzi ni vibarua wenyewe waliowahi kuchuma. Simu ya malalamiko hupokelewa saa 24 na wachunguzi wa baraza huru la usimamizi, si na kampuni ya kukodi. Wakaguzi wa baraza hilo huhoji angalau nusu ya wafanyakazi wa kila shamba, hukagua vitabu vya mishahara na huongea na manyapara. Anayelipiza kisasi kwa mlalamikaji huwa ametenda kosa jingine juu ya lile la kwanza.

Kwa kuwa kanuni zilitungwa na watu wanaoijua kazi, zinagusa mambo ambayo ofisa wa mjini asingeyaona. Ndoo ya nyanya hubeba ratili 32, karibu kilo 14 na nusu. Zamani nyapara alidai ijazwe mpaka nyanya zifanye kichuguu juu ya ukingo, na kibarua akachuma ziada bila malipo. Kanuni ikaweka wazi kuwa ndoo hujazwa hadi ukingoni tu. Badiliko hilo peke yake liliweza kuongeza kipato kwa hadi asilimia 10. Kuna saa za kuandikisha muda wa kazi, kivuli, maji na mapumziko, na msimamizi anayemdhalilisha mwanamke kingono hufukuzwa. Mwaka 2024 jimbo la Florida lilipitisha sheria inayozizuia serikali za mitaa kuweka kinga zake za joto kwa wafanyakazi. Mkataba huu haukuguswa, kwa sababu ni makubaliano kati ya mnunuzi, mkulima na mfanyakazi.

Kwa wenye viza ya H-2A, mpango ulifika mpaka kwenye chanzo cha deni. Mawakala wa vijijini Mexico walizoea kumtoza mtu fedha kabla ya kumwandikisha, naye akafika Marekani akiwa na mkopo unaomziba mdomo. Mashamba ya mpango hutakiwa kuajiri kupitia idara ya ajira ya serikali ya Mexico, bila ada. Hapo serikali imepewa kazi yake mahususi.

Mipaka ipo. Kampuni ya migahawa ya Wendy's na ya maduka ya Publix zilikataa kujiunga kwa miaka mingi, na asiyejiunga hawajibiki kwa lolote. Tena njia hii inahitaji bidhaa yenye jina ambalo mteja anaweza kulisusia.

Hapo ndipo wasomaji wa Afrika Mashariki tunapaswa kufikiri zaidi, kwa kuwa dada zetu wengi wanaokwenda Ghuba hufanya kazi majumbani, kusiko na duka la kususia. Lakini swali la Immokalee bado linafaa: nani ana kitu cha kupoteza? Wakala wa ajira anaishi kwa leseni ya serikali. Leseni hiyo ifungwe na masharti ya kweli: asimtoze msafiri ada, simu za shida zipokelewe kwa Kiswahili na chombo asichokilipa yeye, waliorudi wahojiwe kabla ya leseni kuhuishwa, na wanawake hao hao wawafundishe wanaojiandaa kuondoka. Asipotimiza, asipeleke mtu. Vyama, mashirika na wizara wakikubaliana juu ya adhabu hiyo moja na kuitekeleza, mazungumzo mengine yote yatapata uzito.